Mbunge wa Jambo Moja

Jamali Chilumba hakuwa na gari, hakuwa na pikipiki, na baiskeli yake ilisimamishwa kwa mguu kwa sababu haikuwa na breki. Hakuwa na cheti cha sekondari. Hakuwa na mtoto serikalini wala shemeji Dodoma. Hakuwa na namba ya simu ya mkubwa yeyote ambaye angempigia akapokea. Hakuwa na sauti ya kuhutubia, na meno mawili ya mbele yalikuwa yamekwisha kumuaga. Lakini pale Kiegei watu walikuwa wakimjia kuazima kitu kimoja ambacho wenye magari hawakuwa nacho, nacho ni neno lake. Jamali akisema kijana fulani si mlevi, posa hupokelewa. Akisema mpaka wa shamba unapita hapa, jembe husimama hapo.

Sasa neno hilo lilikuwa hatarini, na aliyelitia hatarini ni yeye mwenyewe.

Uchaguzi uliopita, Shamimu alipokuja kuomba kura, wanaume wa Kiegei waliguna. Mwanamke, tena kijana, kazaliwa humu jimboni, Nambambo, lakini kakulia kwingine, anavaa miwani na anaongea taratibu kama mtu anayesoma dawa chupani. Jamali alipendezwa na utaratibu ule. Akasimama mbele ya mkutano akasema, "Huyu namdhamini mimi. Akituangusha, msihangaike kumfuata Dodoma. Njooni mlangoni kwangu."

Watu wakacheka, wakampa kura. Muhula ulikuwa unaelekea ukingoni, kura za maoni za chama zilikuwa zinabisha hodi, na watu walikuwa wameanza kuja mlangoni.

Si kwamba Shamimu alikuwa bubu bungeni. Alisema, tena alisema sana. Kilichowachoma watu ni kwamba alisema jambo moja tu.

Vikao vya Bunge walivisikiliza dukani kwa Bakary, jirani yake Jamali na mjumbe mwenzake katika kamati ya chama ya kata. Redio ya Bakary ilitegemea betri ya sola iliyochoka, kwa hiyo ilitumiwa kwa adabu. Habari zikija kwenye simu kwamba leo mbunge wetu yumo kwenye orodha ya wachangiaji, watu hukusanyika, na redio hufunguliwa. Shamimu akikaa chini, redio huzimwa. Wabunge wa watu wengine na wawasemee watu wao.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," Shamimu alisema siku hiyo, "narudi kwenye kipima unyevu."

Dukani watu waliguna kwa pamoja. Walikijua hicho kidude. Ni kile kinachochomekwa kwenye gunia la ufuta au la korosho pale ghalani kuona kama mzigo umekauka. Kikisema mbichi, gunia linarudi nyumbani au linakatwa uzito, na mkulima hana wa kumlilia. Shamimu alitaka kila kidude kijaribiwe mbele ya wakulima wenyewe kabla ya mnada. Alikuwa ameyasema hayo mwaka wake wa kwanza, akayarudia wa pili, na bado alikuwa anayasema, kila mara na hesabu mpya na kifungu kipya cha sheria.

"Daraja!" Bakary aliifokea redio. "Mama, taja daraja! Litaje hata kwa bahati mbaya!"

Kiegei walikuwa na korongo lililowatenga na barabara ya mjini. Masika likijaa, wajawazito walivushwa kwa machela ya kamba, na mwaka uliopita mmoja hakufika ng'ambo akiwa hai.

"Ahsante Mheshimiwa Shamimu," ikasema redio. "Sasa namwita Mheshimiwa Fi..."

Bakary akazima.

"Mdhamini," akamgeukia Jamali, "mtu wako kazimaliza dakika zote kwenye kidude."

"Nimesikia."

"Basi nikuulize. Ukimkuta mtu katika shamba lisilo lake, anafyeka chini ya mkorosho mmoja, huo huo mmoja, utasema anapenda usafi?"

Hakuna pale asiyejua jibu. Kwao ardhi inaweza kuwa ya huyu na mkorosho ukawa wa yule, na kesi nyingi za baraza zilianza na mtu aliyeonekana akifagia chini ya mti wa mwenzake. Leo anafagia, kesho anaokota, keshokutwa anasema aliyeupanda ni babu yake.

"Huyo anataka kuokota," Bakary akajijibu. "Kuna mtu wa maghala anayemlisha. Mtu mwenye akili timamu, mwenye jimbo zima lenye shida kumi, hang'ang'anii shida moja bure."

Neno lile lilimwingia Jamali vibaya, kwa sababu hata yeye alikuwa amekwisha kujiambia hivyo kimoyomoyo, akiwa peke yake shambani.

Siku chache baadaye akaja Habibu. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa Nachingwea mjini, shati limenyooka, viatu havijui vumbi, na ubunge aliutaka waziwazi. Alisimama mbele ya duka akaanza.

"Ndugu zangu, mimi sitakuwa mbunge wa kidude! Nitasema daraja, nitasema maji, nitasema zahanati. Nitasema tembo wanaokula mihogo yenu. Nitasema mtandao wa simu, nitasema uwanja wa vijana. Nitasema yote!"

Wakampigia makofi. Jamali akanyoosha mkono.

"Hilo daraja, ndugu Habibu, utaanzia kwa nani?"

"Nitaanzia juu kabisa, mzee wangu."

"Juu wapi?"

"Juu ni juu, mzee. Au kwenu juu kuko pembeni?"

Watu wakaangua kicheko. Jamali akakaa, asijue wanamcheka Habibu au wanamcheka yeye. Mkutano ulipokwisha, Habibu alimshika mkono kama mtu na mjomba wake, akamsogeza kando.

"Mzee, mimi sina ugomvi na dada yangu Shamimu. Ila mwulize anafuata nini Narung'ombe. Anaonekana kule kila msimu, ghalani, wilaya ya watu, jimbo la watu. Mwenye mke wake nyumbani, kwa jirani anafuata chumvi gani?"

Kamati ya kata ilipokaa, mambo yalikwenda haraka. Ilikubaliwa iandikwe barua kwenda wilayani kusema kwamba Kiegei haimtaki tena Shamimu. Bakary akapendekeza saini ya kwanza iwe ya Jamali.

"Aliyemwingiza ndiye amtoe," akasema, na kila mtu akatikisa kichwa kukubali.

"Nitasaini," Jamali akajibu, "lakini si leo. Nipeni mpaka Ijumaa. Nikamwone kwa macho yangu huko anakookota."

Alishuka Nachingwea, akapata gari la Ruangwa, na kutoka pale akachukua bodaboda ya Narung'ombe. Njiani walivuka daraja jipya, zege bado jeupe, kingo zimepakwa rangi.

"Hili la lini?" akamuuliza dereva.

"La juzijuzi tu, mzee."

Jamali akageuka akalitazama korongo lenyewe. Mbuzi mwenye afya angeliruka. Akaliweka jambo hilo moyoni pamoja na mengine.

Ilikuwa siku ya mnada wa ufuta. Uwanja wa ghala ulijaa watu na magunia. Jamali alishusha kofia yake mpaka kwenye nyusi, akajipenyeza katikati ya wakulima, akamwona. Shamimu alikuwa amechuchumaa mbele ya gunia, kilemba kimelegea, amezungukwa na watu kama mganga wa chanjo. Karani mmoja alikuwa amekwisha kulikataa gunia hilo kwamba ni bichi. Shamimu alikuwa ameagiza kidude cha pili, chenye muhuri wa wakaguzi wa vipimo. Kikachomekwa mbele ya wote, karani akaambiwa asome kwa sauti. Akasoma. Gunia lilikuwa kavu. Wakala wa wanunuzi alinung'unika kitu, akatazama simu yake, akaondoka, na gunia likapita.

"Wewe mgeni!" sauti ikamshtua. Mama mnene alikuwa ameketi juu ya magunia yake kama malkia. "Ufuta wako uko wapi?"

"Nimekuja kutazama tu."

"Kutazama mnada au kutazama wake za watu?"

Waliokuwa karibu wakacheka. Jamali akasema ametoka Kiegei.

"Ahaa, Nachingwea! Ndiyo maana unatembea kama umeficha kuku wa mtu."

Mama huyu aliitwa Mwamina, na kila aliyepita alimsalimia kwa kumtania, naye akawarudishia. Jamali akaona huyo ndiye wa kuulizwa. Akamwonyesha Shamimu kwa kidevu, akajifanya hamjui.

"Yule mwenye miwani ni nani kwenu?"

"Yule? Mbunge wetu wa ufuta."

"Mimi nilisikia ana jimbo lake kwingine."

"Analo. Nasi tuna mbunge wetu, Fidelis. Lakini Fidelis, Mungu amweke, ufuta na ulezi kwake ni mapacha, havitofautishi. Yeye kichwa chake kiko barabarani. Basi wamegawana. Huyu anatusemea ufuta, Fidelis anawasemea ninyi barabara."

"Sisi?"

"Si ninyi wa Kiegei? Kila akisimama lazima ataje daraja lenu, mpaka watu wa huku tunanuna. Tunasema jamani, huyu ni wetu au wao? Kwani hamumsikii?"

Jamali aliuona kichwani mkono wa Bakary kwenye kitufe cha redio. Aliisikia ile "Fi" iliyokatwa shingo, na nyingine nyingi kabla yake.

"Redio yetu," akasema, "ina betri dhaifu."

"Au masikio," akasema Mwamina.

Shamimu alipoinuka, macho yao yakakutana. Akaja mbio, mikono ina vumbi la ufuta.

"Baba Jamali! Shikamoo!"

"Marahaba. Shikamoo nimeipokea, sasa nipe na ukweli."

Wakakaa kwenye baraza ya ghala, upande usio na watu. Shamimu hakuzunguka mbuyu.

"Mwaka wangu wa kwanza, baba, nilifanya kama wanavyofanya wengine. Nilipewa dakika zangu nikataja kila kitu cha kwetu, daraja, maji, tembo, walimu. Nikakaa nimefurahi. Waziri akajibu, 'Tumepokea maoni ya mheshimiwa.' Kwisha. Nilitoka nje nikamkuta Fidelis anasonya, naye amepokewa vilevile. Tukaulizana, hivi anayekamata mambo kumi kwa mikono miwili anakamata nini? Ndipo tukapatana. Yeye asome barabara mpaka aijue kama njia ya kisimani kwao. Mimi nisome mazao na vipimo. Kila mmoja amsemee mwenzake. Waziri akijua kesho nitamrudia na kifungu kile kile, hasemi amepokea. Anajibu."

"Mlipatana akina nani?"

"Sisi wawili."

"Na sisi wa Kiegei tulipatana lini?"

Shamimu akasema, "Ningekuja kuwaambia kwamba daraja lenu nimemwachia mbunge wa Ruangwa, mngekubali?"

"Tungekukatalia mchana kweupe."

"Ndiyo maana sikusema."

"Hapana, mwanangu. Usiseme ndiyo maana. Hiyo ndiyo kesi yenyewe."

Huko uwanjani walikuwa wanasoma bei, wakulima wakapiga kelele kuikataa, "Hatuuziii!" na kelele zikafuatwa na vicheko. Jamali alisubiri zipungue.

"Nimepita juu ya daraja jipya," akasema. "La huku. Sasa niambie. Likipatikana daraja moja na makorongo yakawa mawili, huyo Fidelis atatazama wapi? Kwa waliompa kura au kwa wasiomjua hata sura?"

"Ananiambia letu limo kwenye mpango."

"Anakuambia."

"Ndiyo, baba."

"Na hicho kidude chako chenye muhuri, kilipopatikana cha kwanza, kilianza kutumika ghala gani?"

Shamimu aliona swali linakoelekea, lakini hakulikwepa. "Kwetu. Msimu uliopita Kiegei halikurudishwa hata gunia moja. Hamkuona?"

Ilikuwa kweli. Hakuna gunia lililorudi. Kiegei walikuwa wamelishukuru jua.

"Kwa hiyo wewe ulianza na kwenu," Jamali akasema polepole.

"Nilianza na kwetu."

"Basi na yeye ni binadamu."

Shamimu alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kilemba, akaichafua zaidi. Bila miwani alionekana mdogo sana. "Baba, nakuomba. Usiwaambie kwanza, mpaka kura zipite. Habibu akilipata hili atasema nimewauza."

"Mtu haombi mdhamini wake amfichie," Jamali akajibu. Akainuka, akakung'uta kanzu.

Safari ya kurudi alimgeuza Shamimu akilini upande huu na upande ule kama mtu anayenunua kuku sokoni. Hakuna mtu wa maghala aliyekuwa akimlisha. Hilo alikuwa ameliona kwa macho, kwa jinsi wakala alivyoondoka. Lakini alikuwa amewaficha. Mtu anayekuficha jema, siku ya ubaya atakufanyaje? Na huyo Fidelis, jina tu bila mwili, ndiye aliyeshika daraja lao mkononi bila wao kujua. Tena palikuwa na Habibu, ambaye hakuficha lolote kwa sababu hakuwa na lolote la kuficha.

Ijumaa baada ya swala kamati ilikutana dukani kwa Bakary. Barua ya kwenda wilayani ilikuwa tayari, imepigwa chapa mjini, na nafasi ya saini ya kwanza ilikuwa wazi. Bakary akampa kalamu. Jamali akaiweka juu ya meza, akawaeleza yote, la Mwamina, la kidude, la mapatano ya watu wawili. Hata daraja jipya hakulificha.

Duka likalipuka.

"Tumeuzwa!"

"Tumebadilishwa kwa ufuta kama kitenge!"

"Yaani mbunge wetu ni wa watu wengine, na wa watu wengine ndiye wetu? Hii hesabu ya nani?"

Bakary peke yake hakupiga kelele. Aliitazama redio. "Kwa hiyo huyo Fidelis," akasema, "alikuwa anataja korongo letu, na mimi..."

"Ulikuwa unamzima."

"Mtihani huu."

Mjumbe mmoja akaisukuma barua mbele ya Jamali. "Sasa ndiyo usaini kwa mikono miwili. Umetuthibitishia mwenyewe."

"Sikilizeni," Jamali akasema. Hakuwa na sauti ya kuhutubia, kwa hiyo iliwabidi wanyamaze. "Fidelis simwamini, sijawahi kumwona. Shamimu namwamini nusu. Habibu namwamini kwamba anautaka ubunge. Kabla ya Shamimu tulikuwa na mbunge wa mambo yote, mnamkumbuka. Alitaja daraja kila kikao, tukapiga makofi kila kikao. Nani kavuka juu yake?"

Aliyeisukuma barua akaivuta nyuma kidogo.

"Mbunge wa mambo yote, ukimuuliza la daraja anakukimbilia kwenye maji, ukimfuata kwenye maji yuko kwenye tembo. Wa jambo moja hana pa kukimbilia. Mimi nataka kumshika aliyesema barabara ni yake. Akishikika, Shamimu amesema kweli. Akiteleza, tumechezewa."

"Utamshikaje, na wewe si mpiga kura wake?" Bakary akauliza.

"Hilo ndilo nitakalomwandikia."

"Na asipojibu?"

Jamali alijua swali hilo lingekuja. Aliwatazama mmoja mmoja, watu aliokua nao, waliomwamini katika ndoa na mipaka. "Asipojibu kabla majina ya wagombea hayajarudi wilayani kutoka makao makuu ya chama, nitaisaini hii yenu, jina langu la kwanza. Nitasimama kwenye mkutano niseme nilikosea. Na kuanzia siku hiyo mtu asije kwangu kuomba dhamana, kwa sababu sitakuwa nayo."

Walibishana mpaka adhana ya alasiri. Mwisho wakamwachia, wengine kwa huruma, wengine kwa hamu ya kumwona akianguka. Ile barua ya chapa Bakary akaiweka kwenye droo, akafunga kwa ufunguo.

Jamali akaandika pale pale, kwa mkono, herufi zimesimama wima:

"Mheshimiwa Fidelis. Mimi si mpiga kura wako na sina uwezo wa kukuondoa. Nimeambiwa kwamba katika mambo ya barabara wewe ndiye mbunge wangu. Sikuombwa ruhusa, lakini nimelipokea. Kama ni hivyo, nina haki ya kukuuliza kama anavyouliza wa kwenu. Nimelivuka daraja lenu jipya. Letu ni la zamu gani, na limeandikwa wapi, nikaone mwenyewe? Usinijibu kwamba umepokea. Na uje Kiegei, wewe na Shamimu pamoja, mseme mbele ya watu mapatano mliyoyafanya. Mimi nilimdhamini yeye. Yeye amekudhamini wewe. Ukianguka, tunaanguka watatu."

Bakary alisoma akiegemea bega lake. "Ongeza tunamwomba radhi kwa kumzima."

"Radhi baada ya daraja."

"Basi niandike na mimi jina langu chini."

Jamali akamtazama kwa mashaka, asijue rafiki yake anamsaidia au anajitafutia nafasi ya kuona jibu kwanza. Kisha akamsogezea kalamu.

Kuipeleka hakumwamini mtu. Kondakta angeisahau, kijana wa bodaboda angeifungua, na kwenye simu ujumbe ungesomwa na asiyemjua. Jumatatu alishuka mwenyewe mpaka Nachingwea, akaingia posta, akaomba barua ya rejesta, ile ambayo mpokeaji hawezi kusema hakuipata. Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka. Msichana wa dirishani akampa chupa ya gundi yenye brashi, na Jamali akapaka mara mbili, akakandamiza mkunjo kwa kidole gumba kutoka kona mpaka kona.

"Itafika?" akauliza.

"Itafika, babu."

"Na atasaini kwamba kaipokea?"

"Lazima asaini."

"Mwenyewe? Si karani wake?"

Msichana akacheka, akagonga muhuri, akaitupa barua kwenye mfuko wa Ruangwa. Jamali hakuondoka dirishani mpaka alipouona mdomo wa mfuko ule umefungwa kamba.